Megabaiti Mia Saba

Kabla ya bando, Newala tulikuwa na Chinguile
na kibanda umiza chake nyuma ya ghala la korosho:
mabati, mabenchi, jenereta lenye kikohozi,
shilingi mia mlangoni.
Nilianza kwa kufuta vumbi kwenye deki,
nikawa kijana wa kompyuta,
kisha, bila mtu kunitawaza, mpunguzaji.

Filamu zilikuja kwa basi kutoka Dar,
ndani ya diski iliyovishwa soksi,
zimenona kama mwali siku ya kutolewa ndani.
Giga nne. Giga tano.
Flashi ya mteja haibebi hivyo,
na sidii ni mia saba, basi.
"Ipunguze," anasema Chinguile, "iingie."
Nami naipunguza usiku kucha,
umeme ukikatika naanza upya.

Kazi hiyo niliielewa kwa vidole vya mama
akibangua korosho: ganda huku, kiini huku,
na mafuta ya ganda yakimla ngozi.
Mashine nayo hubangua.
Hutazama picha, hutazama inayofuata,
hujiuliza: nini kimesogea?
Kilichosogea hukiandika.
Kilichotulia, ukuta, mbingu, shavu la mtu anayesikiliza,
husema tu: kama mwanzo.
Kama mwanzo, kama mwanzo, kama mwanzo,
hadi giga nne zinaenea kwenye mfuko wa shati.

Usiku wa kwenye filamu ukawa vigae vya kijivu.
Mvua ikawa chenga. Moshi ukabanduka kama ukoko.
Nani alijali? Miluzi ilikuwa ileile,
na mtafsiri, sauti yake juu ya sauti zao,
aliwatukanisha majambazi wa ng'ambo kwa Kiswahili cha Temeke.
Malipo ya korosho yakitoka tuliuza mpaka alfajiri,
kumi na mbili ndani ya moja, jero.

Siku moja aliingia bwana mwenye suruali ya pasi,
akainua sidii, akatazama sura kwenye karatasi ya fotokopi.
"Huyu ni mimi," alisema, kwa upole tu,
kama anayelitambua shati lake kwenye kamba ya jirani.
Chinguile akamkaribisha soda.
Yule bwana alitoa buku, akasubiri chenji yake, akaondoka.
Sijui aliicheza wapi.
Sijui kama alijiona, au aliona vigae.

Hayo nayabeba. Kibanda sasa kinauza salfa,
na watoto wanashusha filamu wakiwa wamelala.
Lakini si hayo yanayoniamsha.

Ni Somoe wa Luchingu,
aliyeleta simu yenye nyufa: "Imejaa.
Nipunguzie mama, nipate nafasi."
Dakika tisa. Mama yake amekaa mkekani,
chumba kina mwanga haba, ukuta wa udongo nyuma,
hasemi kitu.
Niliweka vipimo vilevile vya filamu za ngumi.
Niliifuta ya asili, kama desturi yetu.

Masika yalipoisha Somoe akarudi, amejifunga kaniki,
tukaifungua pamoja.
Ushungi ulikuwapo. Mkeka ulikuwapo, nusu.
Lakini uso, uliotulia hivyo,
mashine haikuona sababu ya kuurudia;
iliuacha uloane ukutani polepole,
rangi moja, kigae kwa kigae.

Hakunilaumu. Aliweka kidole kwenye kioo,
akakisogeza kidogo, akakirudisha.
"Hapa," aliuliza, "mama ameishia wapi,
udongo umeanzia wapi?"

Sikuwa na jibu.
Nikamwambia asubiri,
dakika ya sita kuna nzi anakuja,
na mama atainua mkono.